Je, kuna rangi moja ya kumulika magonjwa yote ya mama?

SWALI: "Mama yangu ana miaka 61 na huu ni mwaka wa 14 akiwa na kisukari. Mwezi huu ameanza kulalamikia ukungu kwenye jicho la kushoto. Kliniki ya macho wametuambia atachomwa sindano ya rangi, kisha apigwe picha. Wakati huohuo ana kikohozi cha wiki tatu. Ametoa makohozi, na mhudumu wa maabara akasema mashine yao nayo hutumia rangi zinazong'aa. Nimesoma mtandaoni kwamba wanasayansi wana rangi zinazoonyesha magonjwa mengi kwa wakati mmoja. Sasa kwa nini asichomwe hiyo rangi moja, wakaangalia macho, figo, kifua na kansa kwa pamoja, tukalipa mara moja? Jirani anasema rangi hiyo ni mionzi, itamaliza figo zake, na kwamba aache kwanza metformini, dawa yake ya sukari. Tena kuna kijana anapita mtaani kwetu hapa Tanga na mashine ya kushika mkononi, inatoa majibu ya vitu zaidi ya 40 kwa shilingi 20,000. Tumpeleke wapi?"

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya yote mfikishie mama shikamoo yangu. Swali lako limebeba maswali manne, na nimelisoma mara mbili nisije nikajibu moja nikayaacha mengine njiani. Mimi ni mtu wa maabara, si daktari wa macho. Makohozi na damu ndiyo riziki yangu. Ya macho nitakueleza ninayoyajua, na nitakwambia wapi pa kumwachia daktari wake.

Jibu fupi ni hili: hapana, hakuna rangi ya kumchoma mtu ikamulika macho, figo, kifua na kansa kwa mpigo. Rangi ya jicho na rangi iliyo ndani ya mashine ya makohozi ni vitu viwili, ingawa ni wa ukoo mmoja. Uliyoyasoma mtandaoni si uongo, ila yamesimuliwa nusu. Na yule kijana wa mtaani, hiyo 20,000 yenu isimfikie.

Tuanze na rangi yenyewe. Bila shaka umeona kizibao cha dereva wa bodaboda wakati wa magharibi: nguo nyingine zote zimeshafifia, lakini kile cha manjano ya kijanikijani bado kinawaka. Kitambaa hakina betri. Kinameza miale ya urujuanimno, ambayo jicho halioni lakini bado imo hewani, kisha kinairudisha ikiwa mwanga wa kijani tunaouona. Keshia anapoipitisha noti yako chini ya taa ya zambarau akatazama nyuzi zinazowaka, anafanya jambo hilohilo. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga likang'aa ukumbini kwenye muziki, ni hilohilo pia.

Kinachotokea ndani ni rahisi kuliko jina lake. Molekuli ya rangi inapigwa na mwanga, elektroni zake zinapanda daraja, zinapoteza nishati kidogo kwa njia ya joto, halafu zinashuka na kutoa mwanga wenye nguvu pungufu kuliko ule ulioingia. Ukiingiza bluu, hutoka kijani. Ukiingiza kijani, hutoka chungwa au nyekundu. Basi ukiweka kichujio kinachozuia rangi iliyoingia na kupitisha ile iliyotoka tu, kila kitu kinakuwa giza isipokuwa kile ulichokipaka. Ujanja wote wa fani hii umelala hapo. Mwanasayansi George Stokes ndiye aliyeueleza na kuupa jina mwaka 1852, na moja ya vitu alivyovichezea ni kwinini, dawa yetu ya malaria, ambayo miaka saba kabla yake John Herschel alikuwa ameona mchanganyiko wake wa maji ukitoa mwanga wa bluu usoni pake.

Hapo tayari jirani amepata jibu lake la kwanza. Huu ni mwanga, si mionzi ya eksirei wala ya nyuklia. Ukizima taa, rangi inaacha kung'aa ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Haibaki mwilini ikichoma kitu.

Sasa jambo ambalo habari za mtandaoni huliruka: rangi haijui ugonjwa. Wewe ni mtu wa Tanga, nikikutajia karabai na ndoano utanielewa. Karabai inakuonyesha samaki alipo, lakini atakayenasa anategemea ndoano na chambo. Rangi ni karabai. Kinachoutambua ugonjwa ni kile tulichokifunga kwenye rangi, au mahali tulipoimwaga. Mwaka 1941 Albert Coons na wenzake huko Harvard walifunga rangi ing'aayo kwenye kingamwili, yaani ile askari ya mwili inayomjua adui mmoja tu, na tangu hapo tumeweza kumtafuta kijidudu mmoja ndani ya umati. Mpaka leo, mbwa akiuma mtu na akashukiwa kichaa, ubongo wake hupimwa kwa njia hiyo: kingamwili cha kichaa cha mbwa kilichovikwa rangi ya kijani, chini ya darubini.

Turudi kwenye makohozi ya mama. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye jibu la kweli la "mengi kwa wakati mmoja".

Njia ya kwanza, ambayo vituo vingi bado wanayo, ni kupaka makohozi kwenye kioo kwa rangi iitwayo auramini. Bakteria wa kifua kikuu ana ukuta wa nta. Auramini huung'ang'ania ukuta huo hata ukiuosha kwa asidi na spiriti. Chini ya darubini yenye taa ya LED unaona vijiti vya manjano kwenye giza, kama punje za wali zilizobaki kwenye sufuria jeusi. Kwa njia ya zamani ya Ziehl-Neelsen tunakuza mara 1,000 tukitafuta vijiti vyekundu. Kwa auramini tunakuza mara 200 au 400, kwa hiyo jicho linapitia eneo kubwa kwa muda mfupi na haliachi mengi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza darubini hizi za LED zichukue nafasi ya zile za zamani mwaka 2011. Lakini auramini nayo si mchaguzi. Bakteria aliyekufa anawaka kama aliye hai, na binamu wa TB wasio TB wanawaka vilevile. Tena inapauka, kama khanga iliyosahauliwa kwenye kamba juani. Ndiyo maana ukiingia maabara ukatukuta tumefungia vioo kwenye kisanduku cheusi, hatufichi kitu.

Njia ya pili ndiyo nadhani aliyokutajia mhudumu: mashine ya GeneXpert. Hii haitazami bakteria, inasoma vinasaba vyake. Makohozi yanaingia kwenye katriji, mashine inawapasua bakteria, inazidisha DNA yao, kisha rangi zinafanya kazi yake. Ndani ya katriji mna vipande vidogo vya DNA vilivyokunjwa kama pini ya nywele. Ncha moja imefungwa rangi, ncha ya pili imefungwa kizimio. Vikiwa vimekunjwa, kizimio kinalala ubavuni mwa rangi na kumeza mwanga wake wote, kwa hiyo pana giza. Kipande kikikutana na mwenzi wake halisi, herufi kwa herufi (ndivyo tunavyoviita vijenzi vya DNA), kinafunguka na kunyooka. Rangi inaachana na kizimio, inawaka. Ubunifu huo ni wa Sanjay Tyagi na Fred Kramer, waliouchapisha mwaka 1996.

Toleo la kwanza la kipimo hicho cha TB, lililopata baraka za Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, lina vipande vitano vya namna hiyo, kila kimoja na rangi yake, vikigawana sehemu ya herufi 81 tu kwenye kinasaba cha TB kiitwacho rpoB. Rangi ya sita ni ya kukagua kwamba mashine yenyewe imefanya kazi. Kwa nini herufi hizo 81? Kwa sababu karibu usugu wote dhidi ya rifampisini, dawa kuu ya TB, huzaliwa hapo. Rangi zote tano zikiwaka, TB ipo na kwa dalili zote rifampisini itaiweza. Nne zikiwaka na moja ikagoma, TB ipo na herufi mojawapo imebadilika, kwa hiyo tunashuku usugu. Umeona? Hapo giza nalo ni jibu. Maswali mawili, ana TB au hana, na dawa itafanya kazi au haitafanya, yamejibiwa kwa makohozi yaleyale kabla ya saa mbili kwisha. Toleo jipya lililopendekezwa mwaka 2017, Ultra, lina mpangilio mwingine wa rangi na linamnasa bakteria hata wakiwa kama 16 tu kwa mililita, pale ambapo la kwanza lilihitaji zaidi ya 100.

Mashine hiyohiyo, ukibadilisha katriji tu, wakati wa UVIKO ilipata kipimo kinachotafuta virusi vinne kwa pamoja: UVIKO, mafua ya aina A, mafua ya aina B, na kirusi cha RSV kinachowasumbua watoto. Kipamba kimoja cha puani, majibu manne. Kwa hiyo ulichokisoma kipo, na hakuna muujiza ndani yake. Tazama tu virusi hivyo vinne vinachangia nini: vyote hukaa puani na vyote huleta dalili zinazofanana. Ndipo kipimo cha pamoja kina maana. Jicho la mama halimo kwenye makohozi yake, wala figo zake hazimo.

Kuna kikwazo kingine. Rangi zenyewe si nyingi kama unavyodhani. Kila moja hutoa mwanga uliotanuka, si mstari mwembamba. Kijani kinaburuza mkia wake hadi kwenye manjano, na manjano hadi kwenye chungwa. Ni kama stesheni mbili za redio zilizokaribiana, ukitafuta moja unaisikia nyingine nyuma yake. Ndiyo maana mashine nyingi za namna hii husoma rangi nne hadi sita. Kipimo kipya cha TB iliyo sugu kwa dawa nyingi zaidi kimelazimu kutengenezwa kwa mashine ya rangi 10. Kwenye kipimo cha virusi vya HPV, vile vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, kuna aina 14 za kutafuta na nafasi tano tu za rangi. Walifanyaje? Aina ya 16, iliyo hatari kuliko zote, wakaipa rangi yake peke yake. Ya 18 na 45 wakazichangisha moja. Zilizobaki wakazigawa mafungu. Kwa hiyo mama mwingine anaweza kuambiwa ana "aina nyingine za hatari" bila kuambiwa ni ipi hasa. Mhudumu hamfichi jambo. Rangi ziliisha.

Ipo njia ya kuuzunguka uhaba huo, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote: shanga. Ni shanga za plastiki, ndogo kiasi cha chembe nyekundu ya damu. Chukua rangi mbili, kila moja uitie kwa vipimo kumi tofauti vya ukolezi, kama mtu anayechanganya chai na maziwa, kuanzia mkandaa hadi maziwa yenye harufu tu ya majani. Kumi mara kumi, umepata shanga 100 ambazo mashine inazitofautisha. Kila aina ya shanga unaifunga chambo chake, na rangi ya tatu inakwambia kama imenasa kitu. Bibi zetu wa pwani walikuwa na lugha ya shanga zamani, na wenyewe walisomana vizuri tu, wazungu wamechelewa. Kwa tone moja la damu la kila mtu, watafiti hupima kingamwili za magonjwa mengi kijiji kizima. Lakini angalia: kingamwili inasema mwili uliwahi kukutana na adui. Haisemi kwamba adui bado yumo. Kwa utafiti wa jamii ni hazina, kwa mtu mmoja anayekohoa leo haimsaidii kitu.

Hata kama tungekuwa na rangi 1,000, mimi nisingetaka mama apimwe kila kitu kwa sababu tu inawezekana. Fanya hesabu hii na mimi. Chukua vipimo vizuri, kila kimoja kikikosea kwa watu watano tu kati ya 100 wasio na ugonjwa. Mpime mtu mzima wa afya vipimo 20 vya namna hiyo visivyotegemeana. Uwezekano wa kutoka na angalau jibu moja la uongo la "unao" ni kama 64%. Vipimo 40, unafika 87%. Kisha anaanza kukimbizana na ugonjwa asio nao: picha huku, kinyama cha kupima kule, nauli, usingizi kupotea. Swali la daktari, "unasumbuliwa na nini?", ndilo linalopunguza makosa hayo. Bila swali hilo, wingi wa majibu ni kelele.

Hapo nimemgusa yule kijana. Mashine yake haitumii rangi wala mwanga, haichukui damu, mkojo wala makohozi. Umeme mdogo unaopita kwenye kiganja hauna njia ya kujua vitamini zako ziko ngapi wala ini lako likoje. Nilikutana na moja kwenye maonyesho fulani, nikaishika. Mara ya kwanza nilitaja jina na umri wangu nikapewa kurasa za kutosha. Nikarudi baadaye kwa mtu mwingine wa meza ileile, nikasema naandikisha kwa niaba ya kaka yangu lakini nitashika mimi. Ripoti ya pili ilinieleza kwa kina hali ya tezi dume langu. Mimi ni mwanamke, ndugu yangu, na ni bibi wa wajukuu wawili.

Sasa tuje mwilini, kwenye sindano. Fanya jaribio dogo usiku: washa tochi ya simu, uifunike kwa kidole. Kidole kinageuka chekundu. Bluu na kijani zimemezwa na damu na nyama. Nyekundu peke yake imepenya. Mwanga ulio mbele ya nyekundu, ambao jicho halioni, unapenya zaidi kidogo, kiasi cha sentimita moja hivi, na baada ya hapo unatawanyika kama taa ya gari kwenye ukungu wa Lushoto. Basi figo ya mama, iliyo nyuma ya ngozi, mafuta na misuli, hata uipake rangi gani huwezi kuiona ukiwa nje. Mwanga hauendi na haurudi.

Ndiyo sababu rangi za mwilini hutumika mahali pawili hasa: jichoni, ambako Mungu ameweka dirisha, na mezani pa upasuaji, ambako daktari ameshalifungua dirisha mwenyewe. Indosiyanini ya kijani imetumika tangu miaka ya 1950 kupima moyo na ini, baadaye jicho, na sasa wapasuaji huitumia kuona mrija wa nyongo au kama utumbo waliouunga unapata damu. Mwaka 2021 Marekani iliruhusu rangi inayojifunga kwenye chembe za saratani ya ovari, na mwaka uliofuata ikaruhusu ileile kwa saratani ya mapafu, kwa sababu chambo chake, kinachofanana na vitamini ya foleti, kinapendwa na saratani zote mbili. Nadhani habari za aina hii ndizo ulizozisoma. "Rangi moja kwa magonjwa mengi" maana yake ni chombo kimoja chenye kazi nyingi, kwa wagonjwa tofauti, siku tofauti, kama kisu cha jikoni. Na yule wa saratani tayari anajulikana au anashukiwa kuwa nayo. Rangi inamwonyesha mpasuaji mabaki, haimgundui mgonjwa barabarani.

Rangi atakayochomwa mama kwa vyovyote ni fluoresini. Ilitengenezwa na Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871. Kuipigia picha mishipa ya jicho kulianza na vijana wawili waliokuwa Chuo Kikuu cha Indiana, Harold Novotny na David Alvis, waliochapisha kazi yao mwaka 1961. Inasimuliwa kwamba walirusha sarafu kuamua nani achomwe kwanza, Alvis akashindwa. Mama atawekewa matone ya kupanua mboni, achomwe rangi kwenye mshipa wa mkono, na ndani ya sekunde 10 hadi 15 itakuwa imefika jichoni. Kamera inamulika bluu na kupokea kijani, picha nyingi kwa dakika kadhaa.

Fluoresini haina chambo chochote. Inasafiri na damu tu, na inachokionyesha ni mwendo wa damu. Mshipa wenye afya wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hauivujishi. Mshipa uliochoshwa na sukari miaka 14 unavuja, na panapovuja panang'aa na kutanuka. Mishipa midogo iliyoziba inabaki doa jeusi. Mishipa mipya dhaifu, ile inayoota ovyo kwa njaa ya hewa na ndiyo inayoleta damu ghafla ndani ya jicho, inavuja kuliko yote. Kwa hiyo kwa sindano moja daktari anapata majibu matatu manne ya jicho, kwa kutazama wapi pamewaka mapema, wapi pamechelewa na wapi hapakuwaka kabisa.

Madhara yapo, na usikubali mtu akuambie hayapo. Ngozi itageuka manjano saa chache, mkojo utakuwa wa chungwa kwa siku moja au zaidi. Msishtuke, si homa ya manjano. Wengine huhisi kichefuchefu cha ghafla kisha kikapita. Rangi ikimwagika nje ya mshipa inauma sana, na aseme palepale. Mzio mkali ni nadra lakini hutokea: uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986, wa picha zaidi ya 220,000, ulikuta athari kali kama moja kwa kila picha 1,900, na kifo kimoja kwa picha zote hizo. Kwa hiyo ifanyike mahali penye dawa za dharura na mtu anayejua kuzitumia. Mama akiwa na pumu, au aliwahi kupata mzio wa sindano yoyote, mlitangulize hilo kabla ya yote.

Kuhusu figo, jirani amechanganya mambo mawili, na si yeye peke yake. Hata sisi wa hospitali tunayachanganya. Dawa inayochomwa kwa ajili ya picha ya CT ina ayodini, na hiyo ndiyo inayoweza kuzisumbua figo dhaifu na ndiyo inayofanya watu waambiwe wasimamishe metformini. Fluoresini haina ayodini. Inatoka kwa njia ya figo, lakini haijulikani kuziharibu. Figo zikiwa dhaifu itachelewa kutoka, na daktari anaweza kupunguza kipimo, kwa hiyo mwambieni matokeo ya figo yakoje. Metformini asiiache kwa kauli ya jirani. Sukari ikipanda bure kwa kuogopa kipimo, jicho ndilo litakalolipa.

Je, lazima achomwe? Hapa ndipo namwachia daktari wa macho, ila nikupe swali la kumuuliza: "Jibu la picha hii litabadilisha nini kwenye matibabu ya mama?" Ipo mashine nyingine, OCT, inayopiga tabaka za retina kwa mwanga bila sindano yoyote. Kama shida ni uvimbe katikati ya retina, mara nyingi hiyo inatosha na ni nyepesi kwa mgonjwa. Lakini OCT haionyeshi uvujaji wenyewe, na daktari akishuku mishipa mipya au mishipa iliyoziba, fluoresini bado ina nafasi yake. Kama hospitali yenu ina zote mbili, kuuliza si utovu wa adabu. Kama daktari ana ya sindano tu na anahitaji jibu sasa, kungoja mashine ya mkoa mwingine miezi mitatu ni hasara kubwa kuliko sindano.

Figo zenyewe zina vipimo vyake, vya bei ndogo na visivyong'aa: kreatinini kwenye damu na albumini kwenye mkojo. Ongezeni na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu. Nakusihi jambo moja ambalo kliniki nyingi husahau kulisema: damu na mkojo vitolewe kabla ya siku ya sindano. Fluoresini ikiwa bado kwenye damu inaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vyetu, maana mashine zetu nazo husoma rangi na mwanga. Nimewahi kuletewa mkojo wa chungwa bila maelezo yoyote kwenye fomu, na nusu siku yangu ikapotea.

Kifua kisingoje jicho. Kisukari huongeza hatari ya TB mara mbili hadi tatu, na wiki tatu za kikohozi kwa mtu kama mama si za kuvumilia. Hapa Tanzania kipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure, kwa hiyo hilo halikuli fedha ya jicho. Jibu likirudi "chembe kidogo", na aliwahi kuugua TB huko nyuma, mashine inaweza kuwa imeokota vinasaba vya bakteria waliokufa zamani. Hapo lazima daktari amwone na picha ya kifua, msianze wala kukataa dawa kwa karatasi ya maabara peke yake. Akianzishiwa dawa, wahudumu wa TB wajue ana kisukari na anameza nini, kwa sababu rifampisini hudhoofisha baadhi ya vidonge vya sukari. Mpaka majibu yatoke, alale chumba chenye dirisha wazi, na wajukuu wasilale naye.

Msisubiri miadi yoyote ikiwa jicho litafunikwa ghafla kama pazia, akiona madoa meusi mengi yanayoelea au mimweko ya mwanga, au akikohoa damu, au akishindwa kupumua. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Na kama maabara itaomba sampuli nyingine, iwe ya asubuhi kabla ya chai. Asukutue kinywa kwa maji, akae nje penye upepo, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, akohoe kutoka chini ya kifua. Tunataka kile kizito. Mate meupe yenye povu hata Ultra haitayaokoa, na kopo la hivyo huwa narudisha.